Benchi la Asilimia Mia

Usiku wa jana niliota nimekabidhiwa benchi.

Si benchi la maana. Ni la mbao, refu kiasi cha kukaa watu watatu, na ubavuni limeandikwa kwa chaki: MOJA. Anayenikabidhi ni mshereheshaji mwenye suti ya kumeremeta. Anaongea kwenye kipaza sauti ingawa nimesimama mbele ya pua yake.

"Ndugu mchambuzi," anasema, "hapa watakaa watatu. Pengo lisibaki, na mtu asiongezwe. Benchi ni moja, yaani asilimia mia, na litabaki kuwa moja."

Kabla sijaendelea niseme nililalaje. Mimi ni Eda Mligo, mchambuzi wa fedha wa kampuni ya unga ya Itundu, hapa Njombe. Kampuni ina kinu kimoja kikubwa cha mahindi, cha zamani, kinachofanya kazi vizuri na kwa hiyo hakimsisimui mtu yeyote mwenye tai. Wakubwa wameamua tujenge kiwanda cha mafuta ya parachichi, na benki imekubali kutoa mkopo, dhamana ikiwa ni kinu hicho hicho. Kazi yangu ilikuwa kupima mambo mawili: mradi unatarajiwa kurudisha faida gani, na hatari yake ni kubwa kiasi gani.

Nilipima. Niliandika hali tatu. Mambo yakiwa mazuri, tunapata faida ya asilimia hamsini kwa mwaka. Yakiwa ya kawaida, ishirini. Yakiwa mabaya, yaani umeme ukatike, bei ianguke na parachichi zituozee mlangoni, tunapata hasara ya sitini. Hali nzuri niliipa uwezekano wa asilimia ishirini, ya kawaida hamsini, mbaya thelathini. Zidisha kila moja, jumlisha, unapata faida tarajiwa ya asilimia mbili. Muuza karanga wa stendi angeukataa mradi huo huku anakurudishia chenji.

Mkurugenzi wetu, Bwana Kihwele, hakugombana na ile mbili. Aligombana na thelathini.

"Eda! Thelathini? Unatuletea uchuro mbele ya Mwenyekiti? Mzee wa watu ana presha."

Ofisini kwetu hatari hupimwa hivyo. Mabaya hayatajwi mbele ya wakubwa, kwa sababu kuyataja ni kuyaita, na siku yakitokea, aliyeyataja ndiye aliyeyaleta. Kila ripoti tuliyowahi kuandika ina hali mbaya ya asilimia tano. Tano ndiyo adabu. Watu wana shahada mbili mbili, wamesoma hadi ng'ambo, halafu wanapima hatari kwa kutema mate pembeni na kusema Mungu apishe mbali. Basi Mkurugenzi akaagiza hali mbaya ipewe tano yake ya siku zote, na ile ishirini na tano iliyobaki niwagawie wengine. Kwa hesabu hiyo ya adabu, mradi ukarukia ishirini na nane. Nilitakiwa kuweka sahihi asubuhi, kabla ya kikao cha bodi. Nikalala nimenuna.

Ndiyo hivyo, nikakabidhiwa benchi.

Tuko uwanjani, kwenye turubai la sherehe. Viti vya plastiki vimevalishwa vitambaa vya harusi. Wageni wameshona sare ya kitenge chenye picha za parachichi. Mbele kuna meza kuu, na juu yake bango: KARIBU MGENI RASMI, MHESHIMIWA FAIDA TARAJIWA, ASILIMIA ISHIRINI NA NANE. Kiti chake kipo, kirefu mno, kimetoboa turubai na mgongo wake uko nje unanyeshewa.

"Mgeni rasmi mwenyewe yuko wapi?" namuuliza mshereheshaji.

"Anatarajiwa."

"Amewahi kufika kwenye sherehe gani?"

"Hajawahi kufika popote," anasema kwa fahari. "Ndiyo maana hakuna mtu aliyewahi kumsema vibaya."

Kwaya inamwimbia asiyekuwepo. Mwenyekiti wa bodi, Mzee Mtewele, amekaa pembeni ya kile kiti kirefu na kila baada ya muda anakiinamia kwa heshima.

Wa kwanza kuja kwenye benchi ni Hali Njema. Ni dada mnene mwenye miwani ya jua na manukato yanayofika kabla yake. Anakaa, anachukua arobaini, anaweka na mkoba. Wa pili ni Hali ya Kawaida, mwanamume wa sweta la kijivu. Anachukua hamsini na tano, anakunja mikono na kusema kuwa leo si joto wala si baridi. Hakuna anayembishia.

Wa tatu anakuja kwa miguu. Ni mtu mrefu, mpana, suti yake ya kahawia imepigwa pasi, viatu vinang'aa, na mkononi ana hotpoti yenye chakula chake mwenyewe. Anavua kofia.

"Kamwene," anasalimia.

Hapa kwetu kamwene haikosi jibu hata kwa mgomvi wako, lakini uwanja mzima unainamia simu. Huyo ni Hali Mbaya. Nimemtambua kwa jinsi wasivyomtazama.

"Nafasi yangu ni ipi, dada?"

Namwonyesha. Ni upenyo wa upana wa kipande cha sabuni.

"Nani alinipima?"

"Mkurugenzi."

"Kwa kipimo gani?"

"Kwa heshima."

Anautazama ule upenyo, anajitazama nyonga, kisha anajaribu. Tako moja linaingia nusu, lingine linabaki hewani, na mtu mzima anadondoka chali pamoja na hotpoti yake. Anaamka, anajikung'uta vumbi, anasema samahani, anajaribu tena. Anadondoka tena. Kila akidondoka, kwaya inapandisha sauti, na Bwana Kihwele anapiga makofi akitazama mawinguni.

"Mbona hamumsaidii?" nauliza.

"Kumsaidia nani?" anasema Bwana Kihwele. "Mimi sioni mtu."

Bila yeyote kuhama, sasa tumo ndani ya duka la fundi cherehani. Benchi liko palepale, na kile kiti kitupu cha mgeni rasmi pia kiko palepale, ila dari ni la fundi. Mwenyewe anaitwa Mkengeuko. Ana pini mdomoni na futi shingoni, na kazi yake ni kupima kila mtu amekaa mbali kiasi gani na mgeni rasmi.

Kutoka kwenye kiti hadi kwa Hali Njema, ishirini na mbili. Hadi kwa Kawaida, nane kwa upande wa chini. Hadi kwa Hali Mbaya, futi inaisha. Fundi anaunganisha futi ya pili, inaisha. Anavua mkanda wa suruali, anauunga, anaishikilia suruali kwa mkono wa kushoto, na hatimaye anafika: themanini na nane kwa upande wa chini.

"Sasa jumlisha tuondoke," anasema Bwana Kihwele.

"Sijumlishi hivi hivi," anasema fundi kupitia pini. "Za juu na za chini zinafutana. Alikuwepo fundi mwenzangu wa mtaa wa pili, alimshonea mteja suruali, mguu mmoja umezidi kwa shibiri, mwingine umepungua kwa shibiri. Mteja alipolalamika akaambiwa kwa wastani inamtosha."

"Na mteja alisemaje?"

"Alikuwa mkurugenzi. Aliilipia."

Basi fundi anaupiga kila umbali mraba. Kwa kila mtu anakata kitambaa cha pande nne sawa, ubavu wake urefu aliopima. Cha Kawaida ni leso. Cha Hali Njema ni kitambaa cha meza. Cha Hali Mbaya anakifungua, anaendelea kukifungua, kinafunika cherehani, kinafunika benchi, kinatufunika sisi wote, na duka linakuwa giza.

"Kipunguze!" inasikika sauti ya Mkurugenzi chini ya kitambaa. "Huyo ana tano tu! Tano!"

Fundi ni mtu wa utaratibu. Anakatia kila kitambaa kiasi cha asilimia yake. Cha Hali Mbaya kinabaki sehemu moja tu ya ishirini ya kile cha mwanzo, lakini anapokilaza karibu na vile viwili vingine, bado ni kikubwa kuliko vyote viwili vikiunganishwa.

"Mnaona," anasema fundi. "Hata mkimpa sabuni tu ya kukalia."

Anavishona pamoja, anatafuta kipeuo cha pili kwa kuvuta uzi mmoja, na kitambaa chote kinajikunja hadi kuwa kiraka cha ishirini na tano kasoro kidogo. Hiyo ndiyo hatari ya mradi, kwa hesabu ya adabu. Bwana Kihwele anakipokea kwa ncha za vidole.

"Nitakitia mfuko wa ndani," anasema. "Kule nyuma ya ripoti, kwenye viambatisho."

Anapokitia mfukoni tunarudi kwenye turubai, mbele ya meza kuu. Safari hii kuna bibi mmoja amekaa upande wa pili wa kiti cha mgeni rasmi. Ni Bibi Hatifungani, wa zile hati za kuikopesha serikali, mstaafu mwenye sweta la mikono mirefu na chupa ya chai. Kiti chake kina urefu wa kumi na mbili, na kila anayepita anamiminiwa kikombe kimoja, kimejaa kwa kipimo kile kile.

"Shikamoo, Bibi," anasema Mzee Mtewele, ingawa wanalingana umri.

"Marahaba. Nasikia mnaniacha."

"Bibi, wewe huna msisimko."

"Sina. Nalipa kumi na mbili, mvua ije jua liwake. Umewahi kuamka usiku ukiniwaza?"

Mzee anafikiri. "Sijawahi."

"Sasa huyu ambaye hajafika anawaongezea nini kwa usingizi mtakaoupoteza?"

"Kumi na sita juu ya zako, Bibi!" Bwana Kihwele anadakia. "Na hatari ni ndogo. Tumeipunguza."

"Mmeipunguzaje?"

"Kiungwana."

Bibi anamtazama yule mtu wa suti ya kahawia, ambaye kwa wakati huo anadondoka kwa mara nyingine, kisha anafunga chupa yake ya chai.

Hapo kinu kinaletwa.

Ofisa wa benki amekifunga kamba bombani na anakivuta kama mtu anayepeleka mbuzi wa mahari. Kinu chote kinakuja, kuta, mabati, msingi na udongo wake, kinatembea kwa kusuasua na kukohoa unga. Ndani kazi inaendelea. Dirishani yupo Mama Tulizo, ambaye hushona midomo ya magunia pale tangu sijaanza shule. Ana sindano yake ya gunia mkononi, na uzi unaning'inia.

"Eda mwanangu, mbona tunatembea?"

"Mnapelekwa kwenye uzinduzi, Mama."

"Tumealikwa?"

"Ninyi ndio dhamana."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Mgeni rasmi asipofika, benki inawachukua."

"Na atafika?"

Nilimtazama yule mama na sindano yake, nikaona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio hata ukiwa usingizini. Nyuma yake wenzake walikuwa wanaendelea kupakia viroba na kuuliza wenyewe kwa wenyewe kama gari la mishahara litajua njia.

Mshereheshaji anapiga kipaza sauti kwa kidole.

"Waheshimiwa, mgeni rasmi amepata udhuru. Kama kawaida yetu, badala yake atakuja mmoja kati ya hawa watatu wa kwenye benchi."

Uwanja unalipuka.

"Tulidhani anakuja mwenyewe!" anasema Mzee Mtewele, na namwamini kabisa. Mtu ameongoza bodi mwaka hadi mwaka akipitisha wastani, na hajui kuwa wastani haji.

"Haji, Mzee," anasema mshereheshaji. "Yeye ni hesabu ya hawa. Anayekuja ni mmoja wao, mzima mzima. Ila kabla hatujaangalia ni nani, mchambuzi atuthibitishie benchi."

Wote wananigeukia. Bwana Kihwele ananisogelea, ananishika kiwiko, anatabasamu kwa meza kuu huku ananong'ona.

"Sema tano, dada Eda. Neno dogo tu hilo. Nani atakuuliza? Ikiharibika, tutasema ni soko."

"Na Mama Tulizo?"

"Tutamwombea."

Nadhani ni hilo lililonichochea. Hasira niliyolala nayo ilinipanda yote kwa pamoja, nikaenda hadi kwenye benchi na kusimama mbele ya Hali Njema.

"Sogea."

"Mimi nimeahidiwa arobaini."

"Na nani?"

"Na Mkurugenzi."

"Kamkalie Mkurugenzi. Hapa una ishirini."

Anavuta mdomo, anapakata mkoba wake, anasogea. Kawaida anasogea bila kuambiwa na kusema kuwa hamsini ni kawaida tu. Pengo linapatikana. Yule mtu wa suti ya kahawia analitazama kana kwamba ni mtego, anakaa taratibu kwanza kwa upande mmoja, kisha wa pili. Hadondoki. Kwaya inanyamaza.

Kisha kiti cha mgeni rasmi kinaanza kushuka. Kinatoka kwenye tundu la turubai, kinapita usawa wa kichwa cha Mzee Mtewele, kinapita usawa wa meza, kinapita cha Bibi Hatifungani, na kinaishia chini kabisa, kigoda cha kukalia mtu anayekamua mbuzi. Urefu wake ni mbili.

"Uchuro!" anapiga kelele Bwana Kihwele. "Uchuro! Msimtazame!"

Wageni wanajifunika nyuso kwa vitenge vya parachichi. Mzee Mtewele peke yake anainama, anavaa miwani, anakichunguza kile kigoda kutoka pande zote.

"Kihwele," anasema. "Huyu ndiye tuliyemkodishia turubai?"

Fundi Mkengeuko anapita na kiraka kipya, kikubwa kuliko cha kwanza, anamkabidhi Mzee mkononi badala ya Mkurugenzi. Mzee anakishika, hajui pa kukitia, anakiweka kichwani. Ofisa wa benki anakitazama kigoda, anaitazama kamba yake, anaifungua na kuikunja kwenye mkoba. Anasema samahani, amekosea wilaya. Kinu kinageuka taratibu kwa uzito wake wote.

"Tumefika?" anauliza Mama Tulizo dirishani.

"Mnarudi, Mama."

"Haya. Maana gunia hili sijalimaliza."

Kwenye benchi, Hali Mbaya amefungua hotpoti. Ni ugali na likolo, mboga za majani za kwetu kabisa. Ananikaribisha kwa mkono, nami nakaa ubavuni pake maana miguu imechoka.

"Leo utakuja wewe?" namuuliza.

"Sijui. Hata mimi sijui." Anatafuna. "Sikudai nije, dada. Nilidai kukaa."

Tunakula. Benchi linakuwa laini kidogo, na lina shuka.

"Nisogelee huko kidogo," anasema. "Paja moja bado liko nje."

Nikasogea. Akasema bado. Nikasogea tena, nikakosa pa kukalia.

Niliamka mkono mmoja unagusa saruji. Nilikuwa ukingoni kabisa mwa kitanda, goti nje, blanketi limebaki upande wa pili. Kumeshakucha, na dirishani kulikuwa na ukungu mweupe wa mwezi wa saba. Ninaishi peke yangu na ninalala katikati, kama anavyolala kila mtu asiye na wa kugombana naye. Nikapeleka mkono upande wa ukutani kuvuta blanketi.

Palikuwa na joto.

Asiyeijua Njombe mwezi wa saba hataelewa. Upande wa kitanda ambao haujalaliwa huwa wa baridi ya kuuma vidole. Hapa godoro lilikuwa limebonyea, na joto lilikuwa la mtu aliyenyanyuka sasa hivi. Nikapapasa hadi lilipokoma. Lilikoma ghafla, kwa mstari ulionyooka. Nikachukua rula mezani nikapima kutoka ukutani: futi moja na nusu. Kitanda changu ni cha futi tano.

Nilikuwa bado nimepiga magoti na rula simu ilipoita.

"Eda, umeamkaje? Umeshaweka sahihi?"

"Nimeamka salama, Mkurugenzi. Bado. Nairudisha thelathini kwanza."

Akavuta pumzi. "Asubuhi yote hii unatuletea uchuro! Mwenyekiti atauliza umeitoa wapi. Nimwambie nini?"

"Mwambie nimepima."

"Umepima kwa nini?"

"Kwa rula."

Kisha akaongea polepole, kwa ile sauti yake ya kunitakia mema. "Unakumbuka mkataba wako unaisha mwezi huu?"

"Nakumbuka. Na hilo nimelitengea nafasi yake."

Nikakata simu. Nikavuta blanketi, nikaufunika ule upande wa ukutani usije ukapoa, nikaenda kuchemsha maji ya kuoga.